Kichwa Githongo, Mguu Kiambere

Kiambere,
9 Januari 1999

Kwa Ishmael Riungu, Githongo.

Riungu, salamu. Najua ukiona mwandiko huu utageuza bahasha mara mbili. Ndiyo, ni mimi, na sijafa. Natumaini wewe na mkeo Karwirwa ni wazima, na kwamba baridi ya huko milimani haijakushika kifua kama zamani. Huku jua ni lile lile. Mke wangu Cicily angekusalimia kama angejua ninakuandikia.

Niende kwa jambo lenyewe. Unaikumbuka ile injini ya mashua. Bwawa lilipokwisha kujengwa mwaka wa themanini na nane, mkubwa wetu wa karakana alituachia injini hiyo sisi wawili, nasi tukaanza kugombana kabla gari lake halijafika barabarani. Wewe ulitaka iende Githongo ikazungushe mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Mimi nilitaka ibaki majini. Tukapeleka kesi kwa mzee Njue wa kanisa, naye akatugawia kama mtu anayegawa mbuzi: wewe ukapewa kichwa, mimi nikapewa mguu. Na tukakubali! Mafundi wawili wazima, tukafungua bolti, kila mmoja akabeba kipande chake kwao. Tangu siku ile hatujasemezana.

Mguu ninao. Nimeupaka grisi kila Krismasi, na propela inazunguka ukiigusa kwa kidole. Lakini bila silinda na kabureta ni chuma cha kutundika ukutani.

Mimi ndiye ninayevusha watu hapa, kwa makasia. Mvua za mwaka juzi zilijaza bwawa, ng'ambo ikaenda mbali zaidi, na upepo wa mchana ukianza ni saa moja na nusu kufika. Bega langu la kulia limekwisha. Naomba kichwa, Riungu. Na nakuomba kiwe hapa kabla ya Aprili.

Aliyekuwa ndugu yako,
Hezekiah Njiru

*

Githongo,
27 Januari 1999

Kwa Hezekiah Njiru, Kiambere.

Bwana Njiru,

Salamu nimezipokea na nakurudishia. Sisi tuko wazima, kahawa imechumwa, na kifua changu hakikuhusu. Karwirwa ameisoma barua yako kabla yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Anakusalimia wewe na Cicily. Salamu hizo ni zake peke yake.

Miaka kumi na mmoja! Umekaa huko ukitafuna majani yako ya muguka na kupaka mguu grisi, na leo ndipo unakumbuka mguu una kichwa. Kichwa kiko. Kiko kwenye stoo, chini ya gunia, na kuku mweupe ametaga juu yake miaka mitatu sasa. Hiyo mashine ya majani haikupata kuzunguka, ikiwa ndicho unachotaka kusikia.

Nikupe hivi hivi? Hapana. Nina masharti. La kwanza, uandike kwa mkono wako kwamba mwaka wa themanini na nane mimi ndiye niliyekuwa na haki, maana mkubwa alinipa mimi ufunguo wa boksi la injini, si wewe. La pili, useme mbele ya mzee Njue, kama bado yuko hai, kwamba uliniita mwizi na hukuwa na sababu. La tatu, uje mwenyewe ukichukue. Sitakutumia kichwa kama kifurushi cha mitumba.

Na hiyo Aprili ni ya nini? Bega lako lina kalenda?

Mimi,
Mzee mwenzako Riungu

*

Kiambere,
6 Februari 1999

Ndugu Riungu,

Salamu kwako na kwa Karwirwa, na kwa huyo kuku pia. Sisi tunaendelea.

Ulikuwa na haki. Nimeandika kwa mkono wangu, na kalamu ni ya wino. Mzee Njue yuko hai lakini hasikii tena vizuri, kwa hiyo nilikwenda kwake Jumapili nikapiga kelele kwamba nilikuita mwizi bila sababu, na kanisa zima likasikia. Sharti la tatu ndilo limenishinda. Bega haliniruhusu kubeba kitu kizito, na nikiondoka hapa siku mbili hakuna wa kuvusha.

Kuhusu Aprili, sikutaka kukuambia. Si jambo la kuandika kwenye barua ya kuomba kitu. Lakini umeuliza.

Unamkumbuka binti yangu Wanjira, aliyekuwa akituletea uji karakana. Ameolewa ng'ambo. Kule upande wao zahanati iko mbali na hakuna gari, ya karibu ni hii yetu, na katikati ni maji. Agosti ya mwaka wa tisini na sita uchungu ulimshika mchana, upepo ukiwa umeamka. Nilienda kumchukua mimi mwenyewe, pamoja na Cicily. Nilipiga makasia mpaka mikono ikatoka damu, na bado mashua ilikuwa inarudi nyuma. Mtoto alizaliwa tukiwa katikati. Alikuwa msichana. Hakulia. Cicily alimfunga kwenye khanga, na tulipofika ufuoni nesi alikuwa amesimama anatungoja, hana la kufanya.

Sasa Wanjira ana mimba tena. Nesi amehesabu akasema katikati ya Aprili. Tumemsihi aje akae kwetu mapema, lakini mama mkwe wake amelala kitandani mwaka wa pili na hana mwingine wa kumlisha. Hatamwacha mpaka siku yenyewe.

Hiyo ndiyo Aprili yangu.

Hezekiah

*

Githongo,
11 Machi 1999

Ndugu yangu Hezekiah,

Pole. Nasema pole sasa, na ilipaswa niseme mwezi mmoja uliopita. Najua umehesabu siku ukasema Riungu amekataa. Sikukataa. Kila nilipokaa kuandika niliona aibu, kalamu ikasimama. Kichwa kilikuwa hapa stoo Agosti ile. Kuku alikuwa amekikalia. Nimemwambia Karwirwa, naye alitoka tu akaenda kuangalia ng'ombe, na ungejua huyo mwanamke anavyopenda kusema ungeelewa.

Kwa hiyo nimefanya kazi badala ya kuandika. Barua hii inakuja pamoja na kichwa, kwa lori la kabichi la Kiambi. Kiambi ni kijana wa hapa kwetu, anashuka mpaka soko la Kiritiri kila Alhamisi, na tangu leo ndiye posta yangu.

Nikueleze nilichokuta. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kama mume na mke wapya. Niliijaza mafuta ya taa na dizeli, nikaiacha siku tisa, kila asubuhi naigonga kidogo kwa kipande cha mti. Siku ya kumi ikasogea upana wa ukucha. Nilipiga ukelele, majirani wakadhani nimeumwa na nyuki. Ringi mbili zilikuwa zimevunjika. Nimechonga nyingine kutoka kwa ringi za pikipiki, nikizisugua kwenye jiwe mpaka zikakubali. Kabureta nimeichemsha kwenye sufuria ya Karwirwa, na hilo ni jambo ambalo bado tunalizungumza.

Kilichonishinda ni magineto ya kutolea cheche. Panya wamekula waya zote, na sumaku yenyewe imezeeka. Injini hii ilitengenezwa wakati mimi na wewe bado tunachunga mbuzi, hakuna duka lenye kipuri chake. Basi nimeitoa, nikaweka koili ya Peugeot. Sasa cheche inatoka kwa betri ya gari. Shika hilo: betri ikifa, injini imekufa, hata tangi likijaa.

Petroli changanya na oili, kikombe kimoja cha oili kwa vikombe kumi vya petroli. Kiwanda chetu cha kahawa kina injini ambazo oili yake hukaa chini peke yake, haichanganywi na petroli, na kijana mmoja pale amenicheka akisema nimezeeka. Usimsikilize mtu kama huyo. Kikombe kimoja, kumi. Nami sikuweza kuijaribu vizuri bila mguu na bila maji, niliifunga mezani nikaivuta kamba, ikaunguruma sekunde ishirini nikaizima. Hezekiah, nililia. Nakuambia ukweli.

Kuja sitakuja. Usiniombe nije. Nitamtazamaje Wanjira?

Riungu

*

Kiambere,
20 Machi 1999

Ndugu Riungu,

Nakusalimu kwa nguvu zote nilizo nazo. Hapa hatujambo, na wewe usijilaumu mpaka ukose usingizi, tutazungumza hayo.

Imewaka! Kichwa na mguu vilikutana kama havijawahi kuachana, bolti zote zikaingia. Betri niliipata kwa fundi mmoja Kiritiri, ya gari dogo. Nikavuta kamba mara tano, ya sita ikaunguruma na moshi wa bluu ukafunika ufuo mzima, mbuzi wakakimbia. Cicily alipanda na Biblia mkononi. Dakika kumi na tano tulikuwa ng'ambo! Wanjira alikuja mbio hadi majini na tumbo lake, nikamkemea asikimbie. Akaiwekea mkono ile injini ikiwa bado na joto. 

Sasa kuna kasoro katika kazi yako. Sitaki kukuudhi, lakini jana injini ilizimika katikati ya maji bila sababu yoyote. Nilikuwa na walimu wawili, magunia matatu ya ndengu na mbuzi wa mtu. Nilivuta kamba mpaka bega likalia. Tulirudi kwa makasia, mwalimu mmoja akipiga upande wa kulia na mwingine, aliyeketi akimtazama, upande wake wa kushoto, tukizunguka mahali pamoja kama vile tunapima shamba. Nadhani ni hiyo koili yako. Iangalie vizuri ulivyoifunga.

Cicily amesimama nyuma yangu akisoma, anasema nikiandika nusu ataandika yeye nusu nyingine. Haya. Betri ilikuwa imekwenda kanisani. Kwaya ilikuwa na mazoezi ya Pasaka na kipaza sauti chao hakina umeme, mchungaji akaniomba, na mimi ni mzee wa kanisa, ningesemaje? Waliitumia Alhamisi mchana kutwa. Ijumaa niliirudisha kwenye mashua hivyo hivyo. Tena siku iliyotangulia nilisahau swichi, ikashinda imewashwa hadi jioni.

Lakini angalia koili pia.

Ndugu yako,
Hezekiah

*

Githongo,
25 Machi 1999

Hezekiah, mzee wa kanisa,

Hujambo? Mimi sijambo, nashukuru, isipokuwa hasira. Msalimie Cicily na umwambie yeye ndiye fundi wa hapo.

Koili yangu haina neno! Umeipa betri kwaya! Nimekaa siku tisa nikibembeleza pistoni, na wewe umewauzia waimba soprano cheche yangu kwa bei ya asante. Na swichi! Nilidhani ni kitu cha kuonekana: ukizima injini, zima swichi. Ikibaki wazi moto wa betri unapita kwenye koili bure, unaipasha joto tu, mpaka betri inakauka. Ungekuwa mbele yangu ningekupiga na spana, halafu nikupe chai.

Nisikilize sasa kama ulivyokuwa unanisikiliza karakana, yaani bila kujibu. Betri haikai kwenye mashua. Ukifika ufuoni unaifungua, unaibeba kwa mkono wa kushoto kwa sababu ya bega, unaiweka ndani ya nyumba yako juu ya mbao. Ukutani piga mstari wa chaki kila ukivuka. Ikifika mistari ishirini, iende ikachajiwe, hata kama fundi anasema bado ina nguvu, hata kama unaona mwenyewe inawaka vizuri. Betri iliyonyonywa mpaka mwisho haiponi kabisa, inakuwa kama mtu aliyeugua malaria kila mwaka. Maji ya ndani yakipungua ongeza yaliyosafishwa, usichote ya bwawa. Na injini ikikohoa njiani usikimbilie kulaumu betri wala mimi. Kwanza angalia waya. Mtikisiko wa mashua hulegeza vichwa vya betri, na ule unga mweupe ukikaa hapo moto haupiti.

Kiambi anakuletea betri ya pili. Ni ya redio na taa ya nyumba yetu. Usiseme lolote, Karwirwa mwenyewe ndiye aliyeifungua. Hiyo ni ya Wanjira. Ichajiwe ijae, ikae chini ya kitanda chako, na isiguswe kwa jambo lingine lolote mpaka siku yake. Pasaka inakuja tarehe nne. Mchungaji atakuja na tabasamu. Wanakwaya watakuja. Utawaambia hapana. Najua hujawahi kusema neno hilo kwa mtu aliyevaa kola, kwa hiyo anza mazoezi.

Ndugu yako,
Riungu

*

Kiambere,
18 Aprili 1999

Ndugu yangu Riungu,

Amani kwenu nyote huko Githongo. Keti kwanza. Mwite Karwirwa akae karibu.

Ni mvulana. Amezaliwa Jumatano tarehe kumi na nne, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwenye kitanda cha zahanati, na analia kama amedhulumiwa shamba. Wanjira ni mzima.

Nikueleze yote kwa mpangilio. Mchungaji alikuja Ijumaa Kuu. Nilisema hapana. Alidhani sikumsikia, akaomba tena, nikasema hapana tena. Pasaka kwaya iliimba kwa koo tupu na watu wa nyuma hawakusikia kitu. Baada ya ibada mama mmoja wa kwaya aliniambia, "Mzee Njiru, betri imekuwa mungu wako siku hizi?" Watu wakacheka. Nilienda nyumbani nikainama nikaangalia chini ya kitanda, ilikuwepo.

Jumatano asubuhi mume wa Wanjira alipandisha shuka jeupe juu ya mti kule ng'ambo, kama tulivyokuwa tumepatana. Nilibeba betri ile ya kwenu kwa mkono wa kushoto. Kwenda ilikuwa safi. Tulimlaza Wanjira kwenye godoro, Cicily akakaa kichwani, mume wake miguuni, tukaanza kurudi. Upepo ulikuwa umeanza mapema. Tulipofika katikati, Riungu, injini ikakohoa mara mbili, ikazimika.

Siwezi kukuambia palikuwa kimya namna gani. Cicily alifumba macho. Mimi mikono yangu ilikuwa imeshaenda kwenye makasia, yenyewe. Halafu nikakumbuka ulivyoandika, nikaangalia waya. Kichwa kimoja cha betri kilikuwa kimelegea na unga mweupe umekizunguka. Nikatoa kisu nikaanza kukwangua, midomo yangu ikisema maneno. Wanjira akainua shingo kutoka kwenye godoro akaniuliza, "Baba, unaomba ama unatengeneza?" Nikamwambia nafanya yote mawili. Akasema, "Basi maliza kutengeneza kwanza." Nikakaza kwa spana, nikazima na kuwasha swichi, nikavuta kamba. Ikaunguruma kwa mvuto wa kwanza! Alishuka ufuoni kwa miguu yake, amemshika nesi mkono. Mtoto alikuja nusu saa baadaye.

Kuna jambo lingine. Siku ya pili, akinyonyesha, Wanjira aliniuliza aliyetengeneza injini ni nani na kwa nini hajaja kuiona. Nilimweleza yote. Jinsi tulivyogombana, mzee Njue alivyotugawia, kichwa kikaenda kwako na mguu ukabaki kwangu. Nikamwambia unaona haya kwa sababu ya Agosti ile. Alimhamishia mtoto titi la pili. Kisha akasema, "Na wewe, baba? Mguu ulikuwa wapi?"

Nilitoka nje nikaenda mashuani. Nimekaa na swali hilo siku tatu.

Nitakuambia wewe kitu ambacho hata Cicily hajui. Juni ya mwaka ule ule, miezi miwili kabla, tulikuwa na semina ya wazee wa kanisa Meru. Gari lilipita njia panda ya kuja kwenu. Dereva alisimama watu wajinyooshe. Niliuona ule msitu wa migrevilea na nikajua nyumba yako iko nyuma yake. Nilijua Wanjira ana mimba na nilijua maji yalivyo. Nilisema moyoni, nikishuka Riungu atacheka, atasema nimeshindwa. Nikabaki kwenye kiti changu. Ningeshuka, ungecheka, na ungenipa kichwa siku hiyo hiyo. Najua ungenipa.

Kwa hiyo usibebe mzigo huu peke yako. Mimi ndiye niliyejua, wewe hukujua. Nimemwambia Wanjira jana. Alilia, nikalia, halafu akanipa mtoto nimshike, yeye mwenyewe akalala. Sijui kama huko ndiko kusamehewa, lakini alinipa mtoto.

Sasa anasema hivi, naandika maneno yake kama yalivyo: "Mwambie huyo mzee wa Meru aje aione hii injini mwenyewe. Na aache maneno mengi."

Ndugu yako,
Hezekiah

*

Githongo,
22 Aprili 1999

Muru wa vava, mwana wa baba, kama mnavyoitana huko kwenu,

Tumeisoma barua yako mara nne. Karwirwa alienda kuwaambia wanawake wa jirani kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, na jioni nyumba ikajaa nyimbo, wakimshangilia mtoto ambaye hawamjui wa mtu ambaye hawajamwona.

Habari ya njia panda nimeisikia. Nimetoka nikaenda mpaka pale, nikasimama. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu nimehesabu hatua mia tatu na kitu. Ningecheka, kweli. Ningecheka sana, na Karwirwa angekupikia. Tusiseme zaidi ya hapo, maana nikianza na hasira sitajua niielekeze kwako au kwangu.

Ningekuja leo na Kiambi, lakini huku kwetu mzazi hatembelewi mikono mitupu, na Karwirwa anasema ndizi za kumpikia Wanjira zinahitaji juma moja, na unga wa uji haujasagwa. Wanawake sita wanataka kuja. Kiambi amekubali kuacha nusu ya kabichi. Alhamisi ijayo tutakuwa hapo mchana, tuandalie kivuli na maji mengi ya kunywa, maana watu wa huku hawajui jua lenu.

Mwambie Wanjira nakuja, na sina la kujitetea. Akinipa mtoto nimbebe, nitambeba. Asiponipa, nitakaa kwenye mashua nisafishe plagi mpaka atakaponiita.

Ndugu yako,
Riungu